Kuitafuta Pulsa na Kuhesabu Mizunguko Yake: Mwongozo Kamili, Kuanzia Dishi la Uani

Mwaka 1967, nje kidogo ya mji wa Cambridge, Uingereza, mwanafunzi Jocelyn Bell alikuwa akikagua karatasi za grafu mita baada ya mita. Antena yake na wenzake ilikuwa uwanja mzima wa antena ndogo 2,048 zilizofungwa kwenye nguzo na nyaya, zikisikiliza masafa ya megahezi 81.5. Kulikuwa na alama moja isiyofanana na makelele ya duniani wala na nyota alizozizoea. Ilirudi kutoka pembe ileile ya anga, na kila siku iliwahi dakika nne kuliko jana yake. Mwishoni mwa Novemba karatasi ilipoendeshwa kwa kasi zaidi, alama ile iliachana ikawa mipigo iliyofuatana kila baada ya sekunde 1.337, bila kuchelewa.

Ile ndiyo pulsa ya kwanza kujulikana. Mambo matatu aliyoyashika Bell ndiyo utakayoyashika wewe pia: kitu kinarudi mahali palepale angani, kinafuata saa ya nyota na si saa ya ukutani, na mipigo yake inahesabika. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Watu wengi wakishaona mpigo kwenye skrini huona wamemaliza, lakini kazi yenyewe huanzia hapo: kuhesabu kila mzunguko wa nyota hiyo, leo, kesho na mwakani, bila kupoteza hata mmoja. Mwongozo huu unakupeleka mpaka huko.

Kwa ufupi, pulsa ni nyota ya nyutroni: mabaki ya nyota kubwa iliyolipuka, yenye uzito unaozidi wa Jua lakini kipenyo cha kilomita 20 hivi tu. Inazunguka kwa kasi huku ikitoa miale ya redio kwenye ncha zake za sumaku, na kila mwale ukitupitia tunapata mpigo mmoja, kama taa ya mnara inavyompitia nahodha usiku.

Chagua pulsa unayoweza kuisikia

Usianze kwa kutafuta pulsa mpya. Anza na iliyo kubwa, inayojulikana. Kwa sisi wa Afrika Mashariki jirani mzuri ni Vela, katika kundi-nyota lenye jina la Kilatini lenye maana ya matanga ya jahazi. Iko digrii 45 kusini ya ikweta ya anga. Ukiwa Dar es Salaam inapanda hadi digrii 51 hivi juu ya upeo wa kusini. Ukiwa Nairobi, digrii 46. Mwishoni mwa Januari na mwanzoni mwa Februari inafika juu kabisa karibu na saa sita usiku, wakati ambao mashine nyingi za mtaani zimezimwa. Watu wa Ulaya ya kaskazini hawaioni kabisa.

Vela inazunguka mara 11 na ushee kwa sekunde, na karibu na megahezi 400 nguvu yake ya wastani ni janski 5 hivi (janski ni kipimo cha nguvu ya mawimbi ya redio yanayotufikia kutoka angani), kubwa kuliko pulsa nyingine yoyote kwa masafa hayo. Chaguo la pili ni B0329+54, yenye kipindi, yaani muda wa mzunguko mmoja, cha sekunde 0.7145. Hiyo iko kaskazini sana, kutoka Nairobi haipandi zaidi ya digrii 34, na nguvu yake ni theluthi ya Vela. Ina faida moja: mpigo wake ni mwembamba sana ukilinganisha na kipindi chake, jambo linalosaidia kuliko mtu anavyodhani.

Fanya hesabu kabla ya kununua chochote

Hesabu hii ifanywe kwa kalamu na karatasi. Nimeona watu wakitumia pesa ya miezi mitatu kwa antena ambayo hesabu ya dakika tano ingewaonyesha haitoshi.

Chukua 2,760. Zidisha kwa joto la mfumo wako mzima kwa kelvini (ndivyo kelele ya mitambo na ya anga inavyopimwa), kisha gawa kwa eneo la dishi linalofanya kazi kwa mita za mraba. Dishi la mita 3 lina eneo la mita za mraba 7, na kwa kawaida nusu yake ndiyo inayofanya kazi, yaani 3.5. Joto la mfumo likiwa kelvini 150, unapata janski 118,000. Hiyo ndiyo kelele yako. Na unatafuta janski 5! Ni sawa na kumsikiliza mtu anayenong'ona kando ya mashine ya kusaga nafaka.

Kinachokuokoa ni muda na upana wa masafa. Ukipokea upana wa megahezi 2 kwa saa nzima, zidisha 2,000,000 kwa sekunde 3,600, kisha tafuta kipeo cha pili, yaani namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inatoa jibu hilo: karibu 85,000. Gawa kelele kwa hiyo, unabaki na janski 1.4. Bado kuna zawadi nyingine: nguvu ya Vela haikusambaa katika kipindi chote, imekusanyika katika milisekunde kama 4 kati ya 89. Kipeo cha pili cha 4 kugawa kwa 85 (89 kutoa 4) ni 0.22, kwa hiyo kelele inayokuhusu inashuka hadi janski 0.3. Gawa 5 kwa 0.3: mpigo utasimama mara 16 juu ya kelele. Mitambo halisi ina hasara ambazo karatasi haizioni, hivyo tarajia nusu ya hiyo. Nusu inatosha.

Dishi na vinavyoning'inia mbele yake

Juu ya mapaa na nyuma ya nyumba nyingi za Afrika Mashariki bado kuna yale madishi makubwa ya wavu ya miaka ya 90, yaliyoachwa baada ya madishi madogo kuingia. La mita 3 ni hazina. Kwa megahezi 436 urefu wa wimbi ni sentimita 69, kwa hiyo hata wavu wa kuku unatosha kuziba palipotoboka, maana matundu yake ni madogo sana kwa wimbi la urefu huo.

Ondoa kipokezi cha zamani. Mahali pake funga dipoli ya fimbo mbili, kila moja sentimita 16 hivi, na bamba la bati nyuma yake ili isikilize dishi peke yake. Elekeza dishi kusini kwa urefu uliokokotoa, ulifunge kwa nguvu, uliache. Kipande cha anga ambacho dishi hili linakisikiliza ni kipana, digrii 16, na Dunia yenyewe itaipitisha Vela ndani yake kwa muda wa saa moja na nusu. Huhitaji mota.

Kikuza mawimbi kikae palepale kwenye dipoli, wala si mezani ndani ya nyumba. Kila mita ya kebo kabla ya kikuza inakula nguvu na kuongeza kelele. Baada ya kikuza haina madhara makubwa. Weka chujio la masafa pia. Karibu na megahezi 434 kuna rimoti za mageti na funguo za magari, na kuanzia 470 kuna televisheni ya dijitali. Hazimo katika masafa yako, lakini zinaweza kukilewesha kikuza hadi kisisikie kitu kingine. Ukiwa mjini tanguliza chujio kisha kikuza, ukubali hasara kidogo. Ukiwa shamba, mbali na mitambo, kinyume chake ni bora.

Adui wengine wako nyumbani kwako: inveta ya sola, chaja za simu za bei nafuu, taa za LED. Zima kimoja kimoja huku ukitazama kelele kwenye skrini. Plagi za pikipiki zikiwaka hutoa cheche zinazosikika masafa yote, na kwa hilo dawa ni usiku wa manane.

Saa ni muhimu kama dishi

Hapa ndipo majaribio mengi ya nyumbani yanapokufa bila mwenyewe kujua sababu.

Vela inazunguka zaidi ya mara 40,000 kwa saa moja. Utakuja kuzirundika zote 40,000 juu ya nyingine ili mpigo utokee. Ukikosea kipindi kwa mikrosekunde 2 tu, kosa hilo linazidishwa kwa 40,000 na kuwa milisekunde 80, karibu mzunguko mzima. Mpigo utasambaa kote, nawe utaona mstari mnyoofu na kudhani dishi ni bovu.

Kipokezi cha bei nafuu cha kuchomeka kwenye kompyuta, chenye kristali ya kawaida inayokosea sehemu 50 katika milioni, kinapoteza milisekunde 180 kwa saa. Chenye kristali iliyodhibitiwa joto, kinachokosea sehemu 1 katika milioni, kinapoteza 3.6. Hicho kinatosha kuiona Vela. Kwa kazi ya kuhesabu mizunguko miezi na miezi, tafuta chanzo cha saa kinachofuata setilaiti za GPS na ukiunganishe na kipokezi moja kwa moja. Kama una pesa ya kuboresha kitu kimoja tu, boresha saa kabla ya dishi.

Kurekodi

Pokea sampuli milioni 2 kwa sekunde. Kwa kipokezi cha biti 8, ambacho kila sampuli yake ni namba mbili, hiyo ni megabaiti 4 kila sekunde, au gigabaiti 14.4 kwa saa. Kisha gawa upana huo katika chaneli 16, pima nguvu ya kila chaneli, na utoe wastani kila robo ya milisekunde. Faili linashuka hadi megabaiti 230 hivi. Lihifadhi katika muundo wa .fil, unaosomwa na programu karibu zote za pulsa.

Andika saa ya UTC, yaani saa ya kimataifa, ambayo sampuli ya kwanza iliingia. Isiwe saa uliyobonyeza kitufe. Na ukimaliza hesabu baiti: zilingane na muda uliopita. Kompyuta ikielemewa hutupa sampuli kimyakimya, na sampuli zikikatika katikati, kila kitu baada ya hapo kimesogea. Tatizo hili lilinipotezea wiki mbili nikishuku dishi, kebo na hata kikuza, kumbe kompyuta ilikuwa ikipakua masasisho usiku.

Kunyoosha mtawanyiko

Kati yetu na pulsa kuna elektroni zilizotapakaa angani, na hizo huchelewesha masafa ya chini kuliko ya juu. Idadi yao njiani hujumlishwa katika namba moja, kipimo cha mtawanyiko, ambacho wote huandika DM. Cha Vela ni 68. Ucheleweshaji kwa milisekunde ni 4.15 mara DM, gawa kwa masafa ya gigahezi yaliyozidishwa kwa yenyewe.

Kwa megahezi 436 na upana wa 2, mpigo wa Vela unaanza juu ya mkanda na kufika chini milisekunde 13.6 baadaye. Ukijumlisha chaneli zote bila kuzisogeza, mpigo wa milisekunde 4 unafutika. Ukiwa na chaneli 16, kila moja ina mtelemko wa chini ya milisekunde 1, na kompyuta inazisogeza moja moja zilingane. Kwenye darubini kubwa inayopokea kati ya gigahezi 1.2 na 1.5, mtelemko huohuo wa Vela ni milisekunde 70, karibu kipindi kizima.

Wengine huuona mtawanyiko kama kero. Mimi nauona kama muhuri wa posta: kitu chenye mtelemko sahihi kimetoka mbali, na kisicho nao kabisa kimetoka mtaani.

Kukunja

Kukunja ni kuikata rekodi vipande vyenye urefu wa kipindi kimoja na kuvirundika. Programu inayotumika sana ni PRESTO, ya bure, inayokaa kwenye Linux. Kwanza tafuta makelele na kuyaziba:

rfifind -time 2.0 -o vela vela.fil

Kisha kunja:

prepfold -par vela.par -mask vela_rfifind.mask -nsub 16 -n 64 vela.fil

Faili la vela.par ndilo lenye kumbukumbu za pulsa: mahali pake, kasi ya mzunguko, jinsi kasi inavyopungua, na DM. Utazipata katika katalogi ya pulsa ya ATNF, taasisi ya darubini za redio ya Australia, lakini usizinakili kwa macho yaliyofumbwa. Kasi maarufu ya Vela, mizunguko 11.1946 kwa sekunde, ilipimwa mwanzoni mwa mwaka 2000. Nyota hii inapunguza kasi kwa 0.0005 hivi kila mwaka, kwa hiyo miaka 25 baadaye iko karibu na 11.18. Ukikunja kwa kasi ya mwaka 2000 ukasahau kupungua huko, utakosea mizunguko zaidi ya 40 ndani ya saa moja.

Kuna jambo jingine. Dunia inakimbia kuzunguka Jua kwa kilomita 30 kwa sekunde, na kwa hiyo kipindi unachokisikia uani kwako si kile kilicho kwenye katalogi. Kinabadilika kwa hadi sehemu moja katika 10,000, kutegemea mwezi na upande wa anga. Programu inarekebisha hilo yenyewe, mradi umeipa mahali pako duniani na saa sahihi.

Je, ni yenyewe?

Jicho la binadamu linapenda kuona kinachotafutwa. Kunja rekodi yako mara 100 kwa vipindi vya uongo, uone vilima vingapi vinajitokeza kwa bahati tu. Utashangaa.

Mpigo wa kweli uonekane katika nusu ya kwanza ya rekodi na nusu ya pili. Uonekane katika chaneli za juu na za chini. Ukibadilisha DM kutoka 0 hadi 150, nguvu yake ipande hadi kilele karibu na 68 kisha ishuke. Kilele kikiwa sifuri, umekamata mtambo wa jirani. Dishi likigeuzwa upande mwingine, mpigo upotee. Halafu kuna kipimo cha Bell, ambacho hakuna mtambo wa duniani unaoweza kukighushi: rudia kwa wiki mbili, na mpigo uwe unawahi dakika nne kila siku, karibu saa nzima kwa jumla.

Hata mabingwa hudanganywa. Katika darubini ya Parkes, Australia, kwa miaka mingi zilirekodiwa ishara fupi zenye mtelemko uliofanana na wa kutoka angani. Mwaka 2015 ilithibitishwa zilitoka kwenye oveni za maikrowevu za hapohapo kituoni, mlango ukifunguliwa kabla oveni haijamaliza.

Kutafuta isiyojulikana

Kwa dishi la mita 3 hutagundua pulsa mpya. Hilo halikufungii mlango, kwa sababu data za darubini kubwa ziko wazi. CSIRO, shirika la utafiti wa sayansi la Australia, huweka rekodi za Parkes, dishi la mita 64, kwenye hifadhi yake ya mtandaoni, na kwa kawaida huwa wazi kwa wote baada ya miezi 18. Uchunguzi wa Parkes ulioanza 1997 kwa kipokezi cha miale 13, yaani kinachosikiliza sehemu 13 za anga kwa pamoja, ulipata pulsa zaidi ya 800, na rekodi zake zimechujwa tena na tena kwa mbinu mpya zikatoa nyingine.

Hapa huna kipindi wala DM, kwa hiyo unajaribu vyote. Katika PRESTO, amri ya prepsubband inatengeneza nakala mamia au maelfu, kila moja imenyooshwa kwa DM yake. realfft inageuza kila nakala kutoka muda kwenda masafa, ili kitu kinachojirudia kisimame kama mwiba. Mpigo mwembamba haukai katika mwiba mmoja, unagawanyika katika hamoniki nyingi (masafa yaliyo mara mbili, mara tatu na kuendelea ya lile la msingi), ndiyo maana accelsearch inazijumlisha kabla ya kuhukumu. Programu hiyohiyo hutafuta pulsa zinazozunguka na nyota mwenza, ambazo kipindi chake hubadilika wakati wa rekodi yenyewe. Russell Hulse na Joseph Taylor walipoipata B1913+16 kwenye darubini ya Arecibo, Puerto Rico, mwaka 1974, kipindi chake cha milisekunde 59 kilikataa kutulia, na sababu ilikuwa mzunguko wa saa 7.75 kuizunguka nyota nyingine. Kazi hiyo iliwapa Nobeli mwaka 1993.

Usiku mmoja wa data utakupa maelfu ya vitu vya kushukiwa, na karibu vyote ni takataka. Tupa kila chenye kilele kwenye DM sifuri, na kila kinachoonekana pia katika miale mingine inayotazama pembe tofauti za anga. Kilichobaki kikunje, kikague kwa vipimo vya sehemu iliyopita, kisha linganisha na katalogi, ambayo sasa ina pulsa zaidi ya 3,000. Usisahau kulinganisha na nusu, theluthi na maradufu ya vipindi vinavyojulikana. Kinachopona yote hayo hakijawa pulsa bado: darubini lazima irudi palepale ikisikie tena.

Kwa mwenye kutaka kuifanya kazi hii kitaaluma, njia zipo kwetu. Afrika Kusini ina MeerKAT, madishi 64 yaliyozinduliwa 2018, na dishi la mita 26 la Hartebeesthoek ambalo limeifuatilia Vela kwa miaka mingi. Ghana iligeuza dishi la mawasiliano la mita 32 kuwa darubini mwaka 2017. Mradi wa DARA umefundisha vijana wa Kenya na nchi nyingine za Afrika fani hii. Na tusisahau kwamba setilaiti iliyoonyesha kuwa kuna pulsa za miale ya eksi, zinazovuta gesi ya nyota mwenza, iliruka kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, Desemba 12, 1970, siku ya uhuru wa Kenya. Iliitwa Uhuru.

Kuhesabu mizunguko

Sasa tunafika penye utamu. Umeiona Vela siku tano. Kila rekodi, baada ya kukunjwa, ilinganishe na kiolezo, yaani umbo safi la mpigo ulilolipata kwa kujumlisha rekodi zako bora. Kutoka hapo unapata namba moja: saa kamili ambayo mpigo ulifika. Makosa yake ni upana wa mpigo ugawanywe kwa uimara wake juu ya kelele. Milisekunde 4 kwa 16 ni 0.25. PRESTO ina get_TOAs.py kwa kazi hii, na programu nyingine ya pulsa, PSRCHIVE, ina pat.

Saa hizo zinapelekwa kwenye TEMPO2 au PINT. Programu inazihamisha kutoka uani kwako hadi kitovu cha uzito cha mfumo wa Jua, mahali pasipoyumba, kwa kusahihisha mwendo wa Dunia (hadi sekunde 500 kila upande), mvutano wa Jua na mengineyo. Kisha inauliza: tangu mpigo wa kwanza hadi huu, nyota imezunguka mara ngapi? Jibu lazima liwe namba kamili. Tofauti inayobaki inaitwa masalio.

Hatari ni kukosea ile namba kamili. Rekodi ya saa moja inakupa kipindi chenye kosa la nanosekunde 20 hivi. Kufikia kesho nyota itakuwa imezunguka mara 966,000, na kosa lako litakuwa limekua hadi milisekunde 19, karibu robo ya mzunguko. Bado unajua ni mzunguko upi. Ukikaa siku tano bila kusikiliza, kosa linapita milisekunde 95, zaidi ya mzunguko mzima, na hesabu imekatika. Kwa hiyo ratiba ya mwanzo ni hii: leo, kesho, halafu baada ya siku tatu, wiki, wiki mbili, mwezi. Kila rekodi iliyoungana vizuri inakuruhusu kuruka mbali zaidi.

Kwa Vela usingoje kuingiza upungufu wa kasi. Ukiuacha, baada ya siku moja umekosea sehemu 0.06 tu ya mzunguko na huoni tatizo. Baada ya wiki umekosea karibu mizunguko 3. Baada ya mwezi, zaidi ya 50. Upungufu huo pia ndio unaotoa umri wa nyota: kipindi kigawanywe kwa mara mbili ya kasi ya kuongezeka kwake, na kwa Vela unapata miaka kama 11,000.

Kusoma masalio

Chora masalio dhidi ya tarehe, kisha tazama umbo lake. Mstari mnyoofu unaopanda au kushuka: kipindi ulichoweka si sahihi. Mkunjo kama bakuli: upungufu wa kasi si sahihi. Wimbi linalojirudia kila mwaka: umekosea mahali pa pulsa angani, na sekunde moja tu ya tao (sehemu moja ya 3,600 ya digrii) inaweza kutoa wimbi la milisekunde 2.4. Wimbi hilo likikua mwaka hadi mwaka, nyota yenyewe inahama. Wimbi la kipindi kisichohusiana na Dunia huenda ni mwenza. Hivyo ndivyo Aleksander Wolszczan na Dale Frail walivyotangaza mwaka 1992 sayari zinazoizunguka pulsa B1257+12, sayari za kwanza kuthibitishwa nje ya mfumo wetu.

Lakini kabla ya kushangilia wimbi lolote, kumbuka B1829-10. Mwaka 1991 Andrew Lyne na wenzake walitangaza sayari yenye mzunguko wa miezi sita kwenye pulsa hiyo. Mahali pa pulsa palikuwa pamekosewa kidogo, na njia ya Dunia ilikuwa imechukuliwa kama duara kamili, ilhali imebonyea kidogo. Makosa hayo mawili yakakutana na kuzaa wimbi la nusu mwaka. Januari 1992 Lyne alisimama mbele ya mkutano wa wanaastronomia wa Marekani akasema sayari haipo, na ukumbi ukampigia makofi marefu. Wimbi la mwaka mmoja au nusu mwaka likitokea kwako, shuku Dunia kwanza.

Wataalamu wakiondoa makosa haya yote kwa pulsa za milisekunde, zenye kipindi cha milisekunde chache tu, kama J0437-4715, masalio hubaki chini ya mikrosekunde moja kwa miaka mingi. Ni kwa kulinganisha masalio ya makumi ya pulsa za aina hiyo ndipo Juni 2023 makundi ya Marekani, Ulaya na India, Australia na China yalipotoa ushahidi wa mawimbi ya mvutano yanayochukua miaka kupita.

Siku Vela itakaporuka

Kila baada ya miaka mitatu hivi Vela huongeza kasi ghafla, kwa sehemu moja au mbili katika milioni. Jambo hili lilionekana mara ya kwanza mwaka 1969 na limetokea zaidi ya mara 20. Ni kubwa kiasi kwamba mwenye dishi la uani analiona: kwa siku moja nyota inawahi mzunguko mmoja hadi miwili hivi.

Kwa kuwa inapita mzunguko mzima kwa siku, masalio ya rekodi mbili za siku tofauti yanaweza kukudanganya. Igawe kila rekodi ya saa moja katika vipande vinne na upime saa ya mpigo kwa kila kipande. Siku za kawaida vipande vinne vitalala sawa. Baada ya mruko vitateremka, milisekunde 3 hadi 5 hivi kutoka cha kwanza hadi cha mwisho, wakati kosa la kila kimoja ni nusu milisekunde. Ukiona mteremko huo, kagua kwanza kama saa yako bado imeshika GPS na kama hakuna sampuli iliyopotea. Usiguse antena wala usibadilishe mpangilio wowote. Rekodi tena Vela itakapopita kesho, na kesho kutwa. Kisha chora mstari wa masalio ya kabla na mstari wa baada, uurefushe kila mmoja kuelekea mwenzake. Kama hesabu ya mizunguko haikukatika, palipokutana mistari hiyo ndipo nyota iliporuka. Andika tarehe na saa hiyo kwa UTC, pamoja na saa ya rekodi yako ya mwisho kabla yake na ya kwanza baada yake.